Premiamu, Plagi na Rivasi

Hapo zamani, si ile ya wafalme na mazimwi bali zamani ya juzi tu, mwaka ambao sheli ya Mwalala ilipata pampu ya pili, kulikuwa na mwanamke aitwaye Nakijwa. Sikilizeni vizuri, kwa sababu kesi yake haijaamuliwa mpaka leo, na waamuzi ni nyinyi.

Mwalala ni kijiji kilichokaa chini ya milima ya Upare, pale ambapo barabara ya vumbi inaiacha lami na kuanza kupanda. Nakijwa alikuwa fundi cherehani hapo. Mumewe, Senkondo, alikuwa Dodoma kwenye kazi za ujenzi, na alipoondoka alimwacha mkewe mjamzito mikononi mwa kaka yake mkubwa, Kisaka. Alisema atarudi kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto hakuambiwa.

Kisaka alikuwa mfanyabiashara wa tangawizi, na ndiye mtu pekee pale Mwalala aliyekuwa na gari dogo la kutembelea. Gari lenyewe lilikuwa la zamani kuliko Nakijwa. Lilikuwa na rangi ambayo wengine waliiita kijivu na wengine waliiita nyeupe iliyochoka, lakini Kisaka mwenyewe aliliita Malkia. Malkia alikwenda kanisani na alikwenda sokoni. Kote huko ni tambarare. Mlimani hakuwahi kufika. Kila alipojaribu, alikohoa kwenye kona ya kwanza, akazimika kwenye kona ya pili, akarudishwa chini kwa neutro, bila gia, Kisaka akiwapungia watu mkono kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Basi pampu ya pili ilipofungwa pale sheli, nyekundu, yenye maandishi ya premiamu, ile petroli ya daraja la juu, Kisaka aliona amepata dawa.

"Gari ni tumbo," alisema. "Malkia si mbovu. Malkia amelishwa vibaya miaka yote hii."

Fundi Mrutu, ambaye gereji yake ilitazamana na kibaraza cha Nakijwa, alikuwa na maneno yake. "Injini ya Malkia ilitengenezwa kabla premiamu haijajulikana huku. Mafuta ya bei kubwa ndani ya injini ile ni kama kumpaka punda manukato. Atanukia, lakini ni punda."

Wakabishana asubuhi, wakabishana jioni. Wakabishana kuhusu mafuta yanayowaka polepole na mafuta yanayowaka haraka, kuhusu injini zinazogonga na zisizogonga. Nakijwa alikuwa akishona, anasikia. Alifika mahali akisikia neno premiamu uzi unakatika wenyewe.

Mtu wa tatu wa kumjua ni Namkunda, mke wa Kisaka. Yeye kwenye mambo ya mafuta hakuwa na upande. Alichotaka ni uwanja wa nyumba uwe wazi ili aanike tangawizi.

Sasa, siku ikafika.

Asubuhi Nakijwa aliamka na maumivu chini ya mgongo. Akamwendea Namkunda jikoni, akamwambia, "Dada, naona kama imeanza."

Namkunda alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kwa macho ya mtu anayekagua ndizi kama zimeiva. "Bado wewe. Hayo ni yale maharage ya jana. Hata mimi yamenisumbua."

Nakijwa akarudi kulala. Akajigeuza huku, akajigeuza kule. Hakutaka kuonekana mwoga, maana mimba ya kwanza watu wanakucheka kwa kila kitu. Mpaka jua liko utosini, maharage yale yalikuwa yanakuja na kuondoka kwa mpangilio ambao maharage hayana. Nesi wa zahanati akaitwa. Akampima, akampima tena, na kule kupima mara ya pili ndiko kulikomtia Nakijwa hofu.

"Apelekwe juu hospitali," nesi alisema. "Sasa hivi, sio baadaye. Mtoto hajakaa vizuri. Gari la wagonjwa limekwenda upande wa pili wa mlima, na pikipiki nakataa kabisa."

Macho yote yakamgeukia Kisaka. Na Kisaka, ambaye miaka yote alikuwa akiombwa gari akisema Malkia amepumzika, safari hii hakusema hivyo. Alisema, "Malkia yuko kwa fundi."

Na kweli alikuwa kwa fundi. Tena alikuwa kwa fundi boneti wazi, plagi zake za kutoa cheche zimepangwa juu ya kitambaa kama meno ya bandia, kwa sababu Mrutu alimfungua tangu wiki iliyopita, kisha akaitwa msibani, na aliporudi akaanza kazi ya mtu mwingine. Kama angefanya kazi yake kwa wakati, Malkia angekuwa uwanjani. Mrutu mwenyewe alilijua hilo. Alipomwona Kisaka anakuja mbio, mkono mmoja umeshika suruali, hakuuliza kitu. Alichukua spana.

Nakijwa alikaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani pake, anamtazama akifanya kazi. Na hata katikati ya maumivu aliona kwamba hajawahi kumwona Mrutu akifanya kazi namna ile. Alisugua plagi mpaka zikang'aa, akazirudisha. Alitoa chujio la hewa, akalipiga kwenye goti, vumbi la tangawizi likatoka, kisha kikatoka kiota cha panya, kisha akatoka panya. Halafu akainama kwenye injini, akalegeza nati, akazungusha kitu kidogo sana, akasikiliza, akazungusha tena.

"Nimeusogeza moto mbele," alimwambia Kisaka. "Sasa cheche inawahi. Atakuwa na nguvu ya mlima."

Kisaka akazungusha ufunguo. Malkia akawaka kwa mara ya kwanza bila kubembelezwa.

Wakapanda. Kisaka kwenye usukani. Mrutu mbele, upande wa pili, na kisanduku chake cha vifaa mapajani. Nyuma Nakijwa na Namkunda, na beseni, na khanga, na chupa ya chai.

"Tangi ni karibu tupu," Mrutu alisema, "lakini nina dumu la petroli hapo ndani. Tumimine twende."

"Petroli gani?" Kisaka aliuliza.

"Petroli. Ya kawaida."

Kisaka akatia gia. Alitoka gereji, akafika barabarani. Hospitali iko kulia. Kisaka akakata kushoto.

"Shemeji," Nakijwa alisema, "hospitali ni kule."

"Najua, shemeji. Lakini leo Malkia anakula vizuri."

Hivyo wakashuka mpaka sheli. Kwenye pampu ya kawaida alikuwepo mhudumu, amesimama, mpira wa pampu mkononi, anawatazama. Kwenye pampu ya premiamu hakukuwa na mtu, kwa sababu mhudumu wake alikwenda kula. Kutoka pampu hii hadi ile ungeweza kunyoosha mkono ukashika zote mbili. Kisaka akaegesha kwenye premiamu, akasubiri.

Maumivu yakaja, yakapita. Yakaja mengine.

"Shemeji," Nakijwa alisema, "weka hiyo hiyo ya kawaida. Nakuomba."

"Vumilia kidogo, shemeji. Kwenye ule mlima utanishukuru."

"Nitakushukuru nikiwa hai."

Namkunda akashusha kioo, akamwita mhudumu wa pampu ya premiamu kwa sauti ambayo kanisani hutumika kwenye wimbo wa mwisho. Yule kijana akatoka na sahani yake, bado anatafuna. Akamimina. Malkia akajaa mpaka shingoni, na Kisaka akakaa tena kwenye usukani, uso umemng'aa kama mtu aliyetoka kubatizwa.

Haya. Sasa wanapanda.

Wakafika kona ya kwanza, pale Malkia anapokoholea. Hakukohoa.

"Mnasikia?" alisema Kisaka. "Hiyo ni premiamu."

"Hizo ni plagi," alisema Mrutu.

Wakafika kona ya pili, pale Malkia anapozimikia. Hakuzimika. Aliguna, akavuta, akapita. Kisaka alipiga usukani kwa kiganja, na kwenye kioo Nakijwa aliona machozi yanamlenga.

"Hiyo ni premiamu."

"Hizo ni plagi. Na moto niliousogeza."

"Ungeusogeza moto kwenye mafuta yale ya dumu lako, sasa hivi injini ingekuwa inagonga kama mtu anabisha hodi."

"Na ungemimina premiamu kwenye plagi zile chafu, sasa hivi tungekuwa bado pale gereji, tunanukia vizuri."

"Nyamazeni," alisema Nakijwa.

Wakanyamaza. Kisha Kisaka, chinichini, akasema premiamu. Kisha Mrutu, akitazama nje, akasema plagi.

Juu ya kona ya pili barabara inanyooka kidogo, kisha inafika mahali panapoitwa Kona ya Mhindani. Pale mlima ni kama umeamua kusimama wima. Malori yanapita kwa gia ya kwanza, madereva wakiwa wameacha mazungumzo. Malkia aliingia kwenye kona hiyo kwa moyo mkunjufu, akafika katikati, akaanza kutetemeka, akasimama. Hakuzimika. Alisimama tu, injini inalia, magurudumu hayaendi. Kisaka akarudi nyuma, akajaribu tena. Akafika palepale. Akarudi, akawashusha Mrutu na Namkunda ili gari liwe jepesi, akajaribu tena. Palepale. Sasa klachi ikaanza kunuka.

Kisaka akageuka nyuma. Hakusema premiamu. Mrutu alikuwa amesimama barabarani na spana mkononi, na hakusema plagi.

Hapo Nakijwa aliogopa kweli. Mpaka wakati ule hasira zilikuwa zimemsaidia. Ukiwa na hasira huna nafasi ya kufikiria. Sasa alifikiria. Alimfikiria mama mmoja wa Mwalala ambaye walimbeba kwa machela kwenye mlima huu huu, na hawakufika naye. Alimfikiria Senkondo akipokea simu. Akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, na sauti ile ndogo iliwatisha kuliko kama angepiga kelele:

"Sitaki kujua ni mafuta au ni plagi. Atakayenifikisha juu, huyu mtoto jina atampa yeye. Jina lolote analotaka. Nimesema, na Mungu amenisikia."

Namkunda akafungua mlango wa dereva. Akamwambia mumewe, "Shuka."

"Nishuke niende wapi?"

"Shuka niendeshe."

"Wewe huendeshi gari, mama."

"Siendeshi kwenda mbele," alisema Namkunda. "Kila siku alfajiri, ukiwa umelala, nani anamtoa Malkia uwanjani ili nianike tangawizi? Na pale uwanjani kutoka ni kupanda. Mbele hapandi, nimejaribu mpaka nikachoka. Lakini ukimrudisha rivasi, anapanda kama mbuzi. Gia ile ndiyo yenye nguvu zake. Geuza gari, kisha unipishe."

Kisaka alitii. Akaligeuza gari pale penye nafasi, likaangalia bondeni, matako kwa mlima. Akashuka. Namkunda akaingia, akajifunga khanga vizuri, akaweka rivasi, akageuza shingo nyuma, na macho yake yakakutana na ya Nakijwa.

"Inama kidogo, mdogo wangu. Unanizibia njia."

Malkia akapanda.

Alipanda kinyumenyume, analia kwa sauti nyembamba kama cherehani inayoshona jinzi. Mrutu na Kisaka walikuwa mbele ya boneti wanasukuma, na Nakijwa, kila alipopata nafuu ya kuinua macho, aliwaona kupitia kioo: Mrutu amekunja uso, na Kisaka amelaza shavu kwenye boneti, anamwambia Malkia maneno ambayo hayakusikika. Nyuma yao bonde zima lilikuwa linashuka. Aliiona Mwalala, mabati yake yanametameta, inakuwa ndogo, na ikawa ndogo zaidi, na reli, na mashamba ya mkonge. Akawaza kwamba anakwenda kuwa mama huku anaitazama nyumba yake, na wazo hilo likampa nguvu, sijui kwa nini. Kisha maumivu yakaja, akaacha kuwaza.

Kona ya Mhindani ikapita. Gari lilipopata mwendo, wanaume wale wakaachwa barabarani, wameinama, mikono magotini. Namkunda hakusimama kuwasubiri. Baadaye alisema aliogopa kwamba akisimama hatajua kuanza tena.

Wakafika getini pa hospitali. Mlinzi aliona gari linamjia likiwa limempa mgongo, mwanamke ametoa kichwa dirishani anatazama nyuma. Akasogea kando, akauliza, "Samahani, mama. Mnakuja au mnaondoka?"

"Tunakuja," alisema Namkunda, akapita, akakanyaga bustani ya maua ya matroni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akasimama mlangoni mwa wodi ya wazazi.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama. Alikuwa wa kike. Kitovu kilikuwa kimejizungusha shingoni, na alipotoka hakulia. Nakijwa aliwaona madaktari wamempa mgongo, wanafanya kitu mezani, hakuna anayezungumza. Aliuliza, "Mbona kimya?" hakujibiwa. Namkunda alikuwa nje ya mlango ameegemea ukuta, kichwa kimetazama juu. Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa.

Daktari akamwambia Nakijwa, "Mama, mmefika kwa wakati. Mngechelewa kidogo tu, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Kisaka na Mrutu walifika kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Walipoambiwa mama na mtoto wazima, Kisaka alikaa chini palepale kwenye sakafu. Alipopata pumzi ya kuzungumza akasema, "Si niliwaambia." Mrutu akasema, "Uliwaambia nini?" Wauguzi wakawatoa nje.

Ingekuwa hadithi nyingine, ingeishia hapo kwa pilau. Lakini kulikuwa na ile ahadi, na watu watatu walikuwa wameisikia.

Siku ya mtoto kutolewa nje ilipofika, nyumba ya Kisaka ilijaa watu. Senkondo alikuwa hajaruhusiwa likizo. Alikuwa kwenye simu, na simu imewekwa juu ya meza, sauti kubwa, karibu na sahani ya vitumbua. Nakijwa alikaa na mtoto mapajani. Moyoni alikuwa na jina lake, alilolichagua tangu mimba ilipoanza kucheza. Hakulitaja. Alikuwa ameahidi.

Kisaka alisimama wa kwanza, akavuta koti.

"Ndugu zangu, mimi sina maneno mengi. Malkia ni wangu. Mafuta nilinunua mimi, tena yale ya ghali. Mnajua mlivyonicheka. Fundi aliusogeza moto mbele, yeye mwenyewe amekiri, na moto ukisogezwa hivyo, petroli ya kawaida inagonga, injini inakufa. Nani asiyejua? Bila premiamu, ule moto wake ungetuua kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo aliyemfikisha shemeji juu ni mimi. Na jina ninalo. Mtoto ataitwa Premiana."

Watu wakatazama sakafu. Simu juu ya meza ikasema, "Kaka, nakuheshimu, lakini tafuta jingine."

"Ni jina la kisasa," Kisaka alisema. "Lina hadhi."

Mrutu akasimama. Alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko, na watu waliona kwa mara ya kwanza ngozi yake ilivyo.

"Bwana Kisaka amesema kweli nusu. Mafuta yake yalisaidia, leo nakubali, na kulitoa neno hilo mdomoni kumenigharimu usingizi. Lakini yeye alikata kushoto wakati mgonjwa anakwenda kulia. Alimsubirisha dada Nakijwa pale sheli mpaka mtu amalize ugali. Na hayo mafuta yangekwenda wapi kama Malkia asingewaka? Gari lilikuwa vipande. Mimi nililifufua. Kwa hiyo aliyemfikisha juu ni mimi." Akaitazama mikono yake safi. "Na jina ninalo. Mama yangu aliitwa Nanzia. Ndiye yule waliyembeba kwa machela wasifike naye. Nilikuwa mdogo, niliachwa nyumbani. Nataka Nanzia mmoja afike juu."

Wanawake wawili walishika khanga zao machoni. Kisaka akajikohoza, akasema kwa upole, "Lakini fundi, gari lilikuwa vipande kwa sababu wewe uliliacha vipande."

"Ni kweli," alisema Mrutu, akakaa.

Namkunda hakusimama. Alizungumza akiwa amekaa pale chini mkekani.

"Nyinyi wote mlitufikisha Kona ya Mhindani. Mlitufikisha, mkatuacha pale, mmoja na mafuta yake, mmoja na spana yake. Sasa hospitali iko Mhindani? Dada Nakijwa alisema atakayenifikisha juu. Hakusema atakayenifikisha karibu na juu. Na mimi jina ninalo. Nataka aitwe Namkunda." Akatengeneza ukingo wa mkeka kwa vidole. "Mimi sina mtoto, mnajua. Hakuna mtu duniani anayeitwa kwa ajili yangu."

Kisaka alimtazama mkewe, na kwa muda ilionekana kama ataiacha Premiana yake hapohapo. Lakini mama mmoja jirani, ambaye kazi yake ni kukumbuka mambo, akasema, "Namkunda, si wewe uliyesema ni maharage? Kama usingesema maharage, wangeondoka asubuhi, na gari la wagonjwa lilikuwa bado lipo."

Namkunda akarudi kwenye ukingo wa mkeka. Ilikuwa kweli.

Wazee wakasema, basi tupime. Kesho yake Malkia akapelekwa mlimani mbele ya kijiji kizima. Wakatoa premiamu, wakamimina petroli ya dumu la Mrutu, moto ukiwa palepale alipousogeza. Malkia akapanda akigonga kama karanga kwenye kikaango, akafia kona ya kwanza. Kisaka akapiga makofi.

Wakarudisha premiamu, na Mrutu akaweka plagi nyingine, kuukuu na chafu, kutoka kwenye kisanduku chake, na moto akaurudisha nyuma. Malkia hakutoka hata kijijini. Mrutu naye akapiga makofi.

Wakarudisha kila kitu kilivyokuwa siku ile, premiamu na plagi safi na moto, Kisaka akaendesha kwenda mbele. Akafika Kona ya Mhindani, akasimama palepale. Namkunda hakupiga makofi. Alitabasamu tu.

Ikabaki kumjaribu Namkunda kwa rivasi na petroli ya kawaida. Mrutu akaurudisha moto ulipokuwa zamani, usigonge, na Namkunda akapanda kinyumenyume, peke yake, akapita Mhindani, akatokea juu. Wanawake wakapiga vigelegele. Lakini Kisaka akasema, "Siku ile gari lilikuwa na mgonjwa ndani. Leo ni tupu." Na Mrutu akasema, "Plagi zilizompandisha leo nilizisugua mimi." Na Kisaka akaongeza, "Na siku ile tulisukuma." Wakaanza upya, hapo hapo barabarani, na Malkia amewageuzia mgongo.

Jioni ile Nakijwa alikaa kibarazani pake na mtoto. Watatu wale walikuja, wakakaa mbele yake kwenye benchi moja, Kisaka, Mrutu, na Namkunda katikati. Hawakubishana tena. Kisaka alisema, "Shemeji, sisi tumeshindwa. Amua wewe." Simu ilikuwa kwenye benchi, na Senkondo naye akasema, "Amua wewe, mke wangu."

Nakijwa aliwatazama. Alimtazama aliyetoa mafuta, akakumbuka alivyosubirishwa pale sheli. Alimtazama aliyefufua injini, akakumbuka plagi juu ya kitambaa. Alimtazama aliyeendesha, akakumbuka maharage. Wote walikuwa wamemchelewesha, na wote walikuwa wamemwokoa, na mtoto alikuwa mapajani pake anapiga miayo, mzima. Halafu akafikiria jina lake mwenyewe, lile alilolificha. Kama ni kupanda, nani alipanda ule mlima na mzigo ule kuliko yeye? Lakini ahadi alitoa yeye, na Mungu alimsikia.

Akafunua uso wa mtoto. Akavuta pumzi ili alitaje jina.

Haya, ndugu zangu. Kabla hajatamka, semeni nyinyi. Aliyemlisha Malkia, aliyemfungua akamfunga, aliyempandisha kinyumenyume, au aliyekaa nyuma amekishika kiti kwa mikono miwili: je, nani anastahili kumpa mtoto huyu jina?